Miche ya dawa kutoka maabara: Je, itauokoa mti wa muiri na kumnufaisha mkulima?

Gome la mti unaoota kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Kilimanjaro na milima ya Kivu huuzwa Ulaya likiwa vidonge. Wateja wakubwa ni wanaume wa makamo na wazee ambao tezi dume imetanuka, wale wanaoamka usiku mara tatu au nne kwenda haja ndogo.

Mti wenyewe, unaojulikana kitaalamu kama Prunus africana na ambao Wakikuyu huuita muiri, unazidi kupungua porini. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wameugeukia mtambo usio na jembe wala udongo: maabara ya kukuza tishu za mimea.

Swali ni moja. Teknolojia hii ikifanikiwa, nani atakula matunda yake?

Shida ilianzia wapi

Dawa ya gome hili ilisajiliwa kwa hataza na Mfaransa Jacques Debat mwaka 1966, wakati jamii za milimani Afrika zilikuwa zikilitumia tangu zamani. Biashara ikakua. Wavunaji wakatoka kwenye kubandua sehemu ya gome na kuuacha mti upone, wakaanza kulibandua lote au kuukata mti kabisa. Mti uliobanduliwa gome kuuzunguka hauna maisha.

Tangu 1995 biashara ya kimataifa ya muiri inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisitisha kununua gome kutoka Kamerun, nchi iliyokuwa muuzaji mkubwa, kwa wasiwasi kwamba uvunaji ulikuwa umezidi.

Jibu rahisi lingekuwa kupanda mingi. Lakini muiri ni mti msumbufu. Hauzai vizuri kila mwaka, na mbegu zake hupoteza uwezo wa kuota zikikaa. Mkulima anayepanda leo husubiri miaka 12 hadi 15 kabla ya kuvuna gome.

Chupa, jeli na jiki

Wakulima wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania tayari wanaijua teknolojia hii kupitia migomba ya maabara. Kwa dawa, kazi ni ileile.

Mtaalamu hukata ncha ya chipukizi kutoka kwenye mti mzuri. Kipande huoshwa kwa spiriti na jiki ili kuua vimelea, kisha huwekwa kwenye chupa yenye jeli iliyochanganywa na sukari, madini na homoni za mimea. Chipukizi huzaa machipukizi, yanagawanywa, yanazaa tena. Baadaye huoteshwa mizizi na kupelekwa kwenye kitalu chenye kivuli ili yazoee hali ya nje.

Faida iko wazi: kipande kimoja kinaweza kutoa miche mingi inayofanana na mti mama, bila kungoja msimu wa mbegu.

Lakini si mchezo. Kuvu wakiingia kwenye chupa, kazi yote inaharibika. Tishu za miti migumu hutoa kemikali zinazozifanya ziwe nyeusi na kufa, jambo lisilosumbua sana kwa mboga. Miche mingi hufa inapotolewa kwenye chupa. Juu ya hapo, maabara inahitaji taa na kiyoyozi muda wote, kwa hiyo umeme ukikatika hasara inaingia.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Miche ya mti mama mmoja ni pacha watupu. Ugonjwa ukiuweza mmoja, unaiweza yote. Shamba salama linahitaji miti mama mingi, na kila mmoja unapaswa kupimwa kama gome lake lina nguvu ya dawa.

Kwa muiri ipo pia njia nafuu. Vipandikizi vyenye majani huweza kutoa mizizi ndani ya sanduku la mchanga lililofunikwa kwa karatasi ya nailoni. Hakihitajiki kiyoyozi. Kwa kikundi cha wakulima kijijini, sanduku hilo linaweza kuwa na maana kuliko maabara ya mbali.

Mmea usipohitajika tena

Ukuzaji wa tishu una sura ya pili. Badala ya kuzalisha miche, kiwanda kinaweza kukuza seli peke yake ndani ya tangi na kuchuja dawa humo. Ndivyo inavyofanyika Ujerumani kwa paclitaxel, dawa ya saratani iliyogunduliwa kwenye gome la mti wa Marekani.

Pakanga ni somo jingine. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa mseto za malaria mwanzoni mwa miaka ya 2000, bei ya artemisinin ilipanda na wakulima wa Afrika Mashariki wakachangamka kulima. Muda si mrefu soko likafurika, bei ikaporomoka, wengi wakaacha. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ikaanza kuizalisha Italia kwa msaada wa hamira iliyobadilishwa vinasaba, lakini bei ya zao la shambani ikashuka chini ya ile ya kiwandani. Yumbayumba ya bei iliwaumiza wote wawili.

Hapa muiri una nafuu. Paclitaxel na artemisinin kila moja ni kemikali moja. Dawa ya muiri ni mchanganyiko wa kemikali kadhaa zinazofanya kazi pamoja, na mchanganyiko ni mgumu zaidi kuuiga kwenye tangi. Mkulima bado ana nafasi, ingawa hakuna aliyemhakikishia itadumu.

Nani analipwa?

Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inataka nchi na jamii zenye mimea zipate mgawo wa faida. Mei 2024 nchi wanachama wa WIPO zilipitisha mkataba unaomtaka anayeomba hataza kueleza rasilimali ya kijenetiki na maarifa ya asili aliyotumia yametoka wapi. Kwa muiri, hataza ya 1966 imekwisha zamani. Karatasi hizi zinalinda ya kesho, si ya jana.

Kwa hiyo nguvu ya sasa iko kwenye mambo matatu: nani anamiliki miti mama, nani anauza miche, na mkulima ana mkataba gani wa soko kabla hajapanda. Maabara inaweza kumpa mche, lakini haiwezi kumpa bei. Mti wa miaka 15 si mahindi, ukikosea huwezi kusahihisha msimu ujao.