Mbwa Mukubwa Ndani ya Lupango: Jibu kwa Wenye Kusema «Haiko Desturi Yetu»

Katika mukutano wetu mumoja hapa Likasi kulitokea mabishano ambayo hayajaisha mupaka leo. Mwenzetu mumoja, mwalimu kama sisi, alikuwa amechukua mbwa mukubwa, ile aina watu wanaita berje. Bwana wa mbwa alirudi kwao, akamuacha na sentineli. Sentineli naye, kwa kukosa mushahara, akaondoka. Mbwa alibaki nyuma ya mulango wenye kibao «Chien méchant», anakonda, watoto wanamutupia mawe. Mwenzetu akamupeleka kwake Kikula. Familia ilikasirika, na baba mukubwa wake ndiye alisema ile neno: «Imbwa ya bazungu, itakula bukari ya batoto. Bankambo yetu habakufanyaka ile mambo.»

Tunawaheshimu wazee, lakini hapa tunakataa. Bankambo gani? Masimulizi ya Waluba yanamuweka Mbidi Kiluwe kwenye mwanzo wa ufalme, na Mbidi Kiluwe alikuwa muwindaji. Sasa muulize muwindaji yeyote wa pori kama mbwa ni takataka. Mbwa wa zamani wa Kongo habweki kama wengine. Kwa hiyo wawindaji walimufunga shingoni kengele ya muti, wapate kumusikia ndani ya majani marefu. Mutu anayechonga kengele kwa ajili ya mbwa, anayemufundisha, anayemupa sehemu ya nyama, huyo hakumudharau. Wazungu waliona thamani yake: mwaka 1895 walionyesha wawili London, wakafa kwa ugonjwa. Mwaka 1937 walionyesha tena wengine, na watu walijaa kuwaangalia. Jina walilowapa ni basenji, yaani neno letu lilelile «washenzi». Mbwa wa washenzi leo ana vitabu vya ukoo Ulaya na Marekani, na sisi tunasema mbwa haiko mambo yetu!

Tunafikiri dharau ilikuja baadaye, hapa mujini, wakati Likasi ilikuwa ikiitwa Jadotville. Mbwa mukubwa alikuwa upande wa ndani wa uzio, Mukongo upande wa nje. Wazee walitueleza namna boyi alimupikia mbwa nyama, kisha yeye mwenyewe akarudi nyumbani kula bukari na majani. Hasira ile tunaielewa vizuri sana. Lakini tusiipe jina la desturi, na tusimulipishe mbwa deni la bwana wake.

Tena huyu «mbwa wa bazungu» hakuzaliwa kwa kuuma watu. Berje alipangwa kuwa aina yake Ujerumani, mwaka 1899, kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Malinwa vilevile ni mbwa wa wachungaji, jina lake linatoka Malines, Ubelgiji. Ni mbwa wa kazi. Katika Virunga, tangu mwaka 2011, walinzi wa hifadhi, Wakongo kama sisi, wanafuata majangili pamoja na mbwa wa Saint-Hubert wenye pua kali. Wanatembea nao, wanawalisha, wanawasafisha. Nani atawaambia wale kwamba wameacha ukongo wao?

Lakini tuko na ugomvi mwingine, na huu ni mukubwa zaidi. Kuna vijana wanaochukua mbwa wa namna hii kwa kujionyesha tu. Wanamufunga munyororo wa metre moja toka asubuhi mupaka usiku, wanamuwekea pilipili ndani ya chakula «akuwe mukali». Mbwa wa kilo 35 aliyeachwa mara moja, kisha akateswa hivyo, siku munyororo unakatika atamuuma mutoto wa jirani, na kisha watamuua kwa mashoka na kusema: munaona, imbwa ni mubaya. Hapana. Mubaya ni mwingine.

Halafu kuna raje, kichaa cha mbwa. Shirika la afya la dunia linahesabu wafu karibu 59.000 kila mwaka, na karibu wote waliumwa na mbwa. Dalili zikishatokea, munganga hana tena la kufanya. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, akimbie hospitali apate chanjo. Asipoteze siku kwa mufumu. Mwenye kuchukua mbwa aliyeachwa aanze kwa munganga wa nyama, mbele hata ya kumupa jina.

Kuhusu bukari ya batoto, baba mukubwa yuko na haki nusu. Kama watoto wanalala njaa, usichukue mbwa mukubwa. Anakula, na mabaki peke yake hayatoshi. Mwenzetu anamupikia unga na ndakala, na mifupa ya kuku hampi. Majuma ya kwanza alimulisha yeye mwenyewe tu, watoto wakakatazwa kumukaribia wakati anakula. Asubuhi, mbele ya masomo, alimutembeza kwa kamba. Watu walicheka: mwalimu anatembeza imbwa sawa muzungu!

Mbwa angali Kikula. Baba mukubwa hajabadilisha maneno yake hata moja. Ila mwezi uliopita, umeme ulipokatika usiku, alitoka mulangoni, akauliza kama imbwa wameshaifungua.