Mke Wangu Ameokoka: Je, Nyumba Yangu Imepotea?

Wiki mbili zilizopita nilitembelewa ofisini na ndugu mmoja ambaye ni fundi mitambo katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Ni mwenyeji wa wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, nasi tunafahamiana tangu zamani, tulipokuwa wapangaji wa nyumba moja. Aliketi, akaiweka simu yake juu ya meza yangu kana kwamba ndiyo mshitakiwa, kisha akasema: "Ndugu yangu, shemeji yako ameokoka. Nyumba yangu imepotea."

Nilimwomba aanze mwanzo. Mkewe anaishi Ngara pamoja na watoto wao wanne na mama mkwe wake. Alikuwa muumini wa kawaida wa kanisa alilobatizwa utotoni. Mwaka jana alianza kusali na Wapentekoste, akabatizwa tena kwa kuzamishwa katika maji mengi. Biashara ya pombe ya ndizi, aliyoifanya kwa miaka minane, aliiacha kwa siku moja. Madumu akayaosha na kuyageuza ya kuchotea maji. Usiku wa Ijumaa huenda kwenye mkesha. Na sasa binti yao mkubwa amechumbiwa, naye mama ametamka waziwazi kwamba siku ya mahari hatatayarisha pombe wala hataigawa kwa mkono wake.

Msomaji wa mjini aweza kucheka kwa hilo la mwisho. Lakini katika nchi ile, kama ilivyo kwa majirani zao wa Burundi na Rwanda, pombe si kinywaji tu. Ndiyo muhuri wa mapatano baina ya koo mbili. Wazee wakisema hawakunywa, wamesema pia kwamba hawakusikia lililosemwa.

"Andika," akaniambia yule fundi. "Watu waelezwe ukweli juu ya hawa walokole."

Basi naandika. Ila ukweli, Ndugu msomaji, ni panga lenye makali kuwili.

Wanaamini nini?

Yapo mambo ambayo Wapentekoste wanayashiriki na Wakristo wengine wote: kwamba Mungu ni mmoja, naye ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kwamba Yesu alikufa msalabani kwa ajili ya dhambi za watu na akafufuka, kwamba Biblia ni neno la Mungu, na kwamba Yesu atarudi. Katika hayo, shemeji yangu hakuhamia nchi ngeni.

Tofauti yao imo katika mkazo. Kwanza, husema kwamba mtu hazaliwi Mkristo kama anavyozaliwa katika ukoo. Hana budi kutubu mwenyewe na kumpokea Yesu mwenyewe. Huko ndiko kuokoka. Pili, kwa kuwa toba ni ya mtu mwenye akili yake timamu, ubatizo nao huwa wa mtu mzima anayejua analolitenda, na huzamishwa mwili wote. Tatu, husema kwamba lile lililowapata wanafunzi siku ya Pentekoste, katika sura ya pili ya Matendo ya Mitume, halikuisha siku ile. Roho Mtakatifu hushuka hata leo, na wengi wao huamini kwamba dalili yake ni mtu kunena kwa lugha asiyojifunza. Nne, huamini kwamba Mungu huponya wagonjwa kwa maombi.

Hayo manne ndiyo nguzo. Mengine tunayoyasikia mitaani, kama vile vilemba vya namna fulani, marufuku ya hereni, au chupa za mafuta na maji ya kuuzwa, ni mazoea ya kanisa hili au lile, na mengine ni biashara ya watu tu.

Yametoka wapi?

Jina lenyewe "walokole" limetoka kwa jirani zetu wa Uganda. Kwa Kiganda maana yake ni waliookoka. Mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, na Mganda mmoja aitwaye Simeon Nsibambi. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata uamsho ukawaka Gahini, na kabla ya miaka ya 1930 kwisha ulikuwa umevuka mpaka na kuingia katika mkoa ambao leo twauita Kagera. Marehemu Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba tangu mwaka 1964 na Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984, alikuwa mtu wa uamsho huo.

Watu wale wa kwanza hawakuwa Wapentekoste. Walibaki katika makanisa yao ya Kianglikana na Kilutheri. Alama yao ilikuwa kuungama hadharani na kurudisha. Aliyeiba alirudisha mali. Aliyemchukia jirani alimwendea nyumbani kwake, akamwomba radhi. Hilo liliwashangaza wengi kuliko nyimbo zao, maana nyimbo hazina gharama, lakini kurudisha mbuzi wa watu kuna gharama.

Upentekoste wenyewe ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1906, katika mtaa wa Azusa mjini Los Angeles, Marekani, mhubiri mweusi William Seymour, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, aliongoza ibada zilizowakusanya weusi na weupe chini ya paa moja, jambo ambalo wakati ule lilikuwa kioja. Kutoka huko na kwingineko moto ukaenea. Wapentekoste wa Sweden walianza kazi Tanganyika mwaka 1932, na Burundi mwaka 1935. Leo nchini kuna makanisa mengi ya namna hiyo, kama Tanzania Assemblies of God, na lile la Evangelistic Assemblies of God lililoanzishwa na marehemu Moses Kulola mwaka 1991.

Ngara na Biharamulo zimekaa njia panda ya mambo haya. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na historia ya nchi hizo imepita mlangoni mwake mara nyingi. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa Benaco. Watu wakikimbia hubeba godoro, sufuria na mtoto. Hubeba pia sala zao. Chini ya maturubai yale Wakatoliki walisali, Waanglikana walisali, na Wapentekoste nao walisali. Ni watu waliokuwa wamepoteza kila kitu, na wengi wao walikuwa wameona Mkristo akimuua Mkristo mwenzake. Kwa watu kama hao, swali la kama mtu ni Mkristo wa jina au wa kweli halikuwa swali la darasani.

Nilizungumza na shemeji

Sikutaka kumsikia mshitaki peke yake. Kwa ruhusa ya mumewe, nilimpigia simu shemeji. Baada ya salamu nikamwuliza: "Shemeji, nasikia umehama nyumba."

Akacheka. "Nyumba sikuhama, shemeji. Nipo hapa hapa, naosha vyombo."

"Na pombe je? Mbona uliiacha ghafla, nawe ulikuwa ukiitegemea?"

Alinyamaza kidogo, kisha akanisimulia. Siku moja mwanamume wa jirani alikuja kunywa, akalipa kwa noti iliyokunjwa ndani ya kipande cha karatasi. Karatasi ile ilikuwa orodha ya mahitaji ya shule ya mtoto wake. Jioni mke wa yule bwana alikuja kuulizia fedha. "Shemeji," akasema, "nilikuwa nikipokea sare ya mtoto wa jirani, naenda kununulia sare ya mtoto wangu. Nikiomba usiku, ninaiona ile karatasi."

Nilimwuliza pia juu ya mama mkwe wake, maana nilijua kwamba hawakuwa wakisemezana kwa muda mrefu. Akajibu kwamba wiki aliyookoka alimwendea, akapiga magoti, akaomba radhi. Fundi mwenyewe alikuwa amenieleza kisa hicho, lakini kwa namna ya kulalamika. Alisema mama yake hana msaada katika vita hivi. Alipomtaka amkemee mkewe, bibi yule alimjibu: "Huyo Yesu wa mkeo simjui vizuri, lakini amekuja jikoni kwangu na kuni."

Hapo nikakumbuka wale watu wa Gahini. Kama ipo njia ya kupima mambo ya Roho kwa macho yetu ya kawaida, basi ni hiyo ya kuni. Mtume Paulo mwenyewe, aliyewaandikia Wakorintho juu ya kunena kwa lugha, alisema kwamba maneno matano yanayoeleweka ni bora kuliko elfu kumi yasiyoeleweka. Na kwa Wagalatia alipotaja matunda ya Roho, aliorodhesha upendo, amani, uvumilivu na kiasi. Matunda yote hayo huonekana jikoni kabla ya kuonekana kanisani.

Palipo na kosa

Hata hivyo sitamsifu shemeji kwa yote, naye hakutaka nimsifu. Miezi michache iliyopita mtoto wao wa mwisho alishikwa na homa. Mtu mmoja katika kikundi cha maombi alimshauri asubiri, kwani kwenda hospitali ni kuonyesha mashaka. Akasubiri siku mbili. Siku ya tatu mtoto alianza kuweweseka, akambeba mbio mpaka kituo cha afya. Malaria. Alipona. "Siku zile mbili," aliniambia, "ninazitubu mpaka leo."

Katika jambo hili lazima kalamu iwe kali. Barua ya Yakobo huwataka wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa. Haisemi mahali popote kwamba mgonjwa asitibiwe. Luka, mwandishi wa kile kitabu cha Matendo wanachokipenda sana Wapentekoste, alikuwa tabibu. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwajibisha mzazi kumpatia mtoto matibabu, awe ameokoka au hajaokoka.

Jirani zao wa Biharamulo wanalijua hili kwa uchungu. Tarehe 20 Januari, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwepo kwa ugonjwa wa Marburg katika wilaya hiyo. Kati ya watu 10 waliohesabiwa, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa kuugua, hakupona hata mmoja. Tarehe 13 Machi ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Marburg huenea kwa kugusa damu, matapishi au jasho la mgonjwa, au mwili wa marehemu. Mkono wa upendo uliowekwa juu ya paji la uso ungeweza kuwa ndio mkono unaobeba mauti kwenda nyumba ya pili. Wakati kama huo, kumwombea mgonjwa ukiwa umesimama mbali, na kumwita mhudumu wa afya, si upungufu wa imani. Ni kumpenda jirani.

Hesabu ya fundi

Nilipomaliza mazungumzo hayo nilimwita tena yule ndugu. Nilikuwa na swali moja tu: "Kwa mwezi unatuma nyumbani kiasi gani?"

Alitazama dirishani. Kisha akataja kiasi, akaongeza kwamba si kila mwezi.

Tukachukua karatasi na kuhesabu. Sabuni, mafuta, madaftari, sare, michango, dawa. Pengo lililobaki kati ya fedha aliyotuma na mahitaji ya nyumba lilikuwa karibu sawa na faida ya pombe. Kwa miaka minane madumu yale yalikuwa yakimlipia wajibu wake, wala hakujua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume jukumu la kumtunza mkewe. Mke alipoyaosha madumu, lile pengo lilionekana. Kumbe kilichomchoma ndugu yetu hakikuwa Roho Mtakatifu, ilikuwa hesabu.

Sikumficha hilo, naye hakukasirika. Tulikubaliana mambo matatu. Atatuma fedha kila mwezi, tarehe moja, na mkewe atatafuta biashara nyingine. Mkesha utakuwa mara moja kwa mwezi, na kamwe si pale mtoto anapoumwa. Hilo shemeji amelikubali mwenyewe. Juu ya mahari, mama atawapikia wageni na kuwapa maji ya ndizi yasiyochachuka, na wazee wanaotaka pombe watainywea kwa mdogo wake fundi, nyumba ya pili. Kama wazee watakubali muhuri uliohamishwa namna hiyo, sijui. Hilo litajulikana siku yenyewe.

Ibara ya 19 ya Katiba yetu humpa kila mtu uhuru wa kuchagua dini yake, na mke ni mtu. Paulo naye, katika sura ya saba ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, humwambia mke mwamini asimwache mume asiyeamini ikiwa mume yu radhi kukaa naye. Uamuzi wa kukaa, basi, ameachiwa mume.

Wewe msomaji ambaye mwenzi wako ameokoka, usianze kwa kuuliza ananena lugha gani anapoomba. Tazama kwanza ananenaje na mama yako, ananenaje na watoto, na mtoto akiumwa anakimbilia wapi. Kisha, kabla hujamlaumu, chukua karatasi ufanye hesabu yako mwenyewe.