Resho ya gazi ikikataa kuwaka

Wamama wapendwa, juma hili tuache kidogo daftari za watoto, tuingie jikoni. Katika chama chetu wanaopika na gazi wanaongezeka, maana bei ya mfuko wa makala sote tunaijua, na hapa Goma tunajua pia makala mengi yanatoka pori gani. Lakini resho ya gazi si mbabula. Mbabula ikikataa, unapepea, unangoja, unapepea tena. Resho ya gazi ikikataa, kule kujaribu tena na tena ndiko kunaleta ajali.

Basi jambo la kwanza kabla ya mengine yote: ukifungua robine na moto haukushika kwa sekunde 5, funga. Usiendelee kubonyeza ta, ta, ta huku gazi inatoka. Funga, fungua mlango na dirisha, ngoja dakika 5 hivi, ndipo ujaribu tena.

Sababu yake sisi watu wa Goma tunaweza kuielewa kuliko wengine. Tunajua mazuku, ile hewa mbaya inayolala mabondeni na kuua mbuzi kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Gazi ya chupa nayo ni nzito. Haipandi kama moshi, inashuka sakafuni, inaingia chini ya kitanda, inakusanyika pembeni. Tofauti ni kwamba mazuku inakata pumzi tu, haiwaki. Gazi ya chupa inawaka, na si lazima ijae nyumba nzima: ikifika sehemu 2 hivi katika 100 za hewa ya mahali pale, cheche moja inatosha. Katika nyumba zetu za mbao zilizobanana, moto wa jikoni moja ni moto wa parseli nzima.

Gazi yenyewe haina harufu. Ile harufu kali ya kitu kilichooza imewekwa kusudi kiwandani ili tuisikie. Ukiisikia, funga robine ya chupa, usiguse swichi ya taa, usiwashe kiberiti ili kuona vizuri. Na kama mtoto amelala kwenye mkeka, yeye ndiye wa kwanza kutolewa, maana yuko chini, palepale gazi inapokwenda.

Sasa tutafute ugonjwa. Moto wa resho unahitaji vitu viwili, cheche na gazi, na watu wengi wanapoteza siku kwa sababu wanavitafuta vyote kwa pamoja. Tuvitenganishe. Funga chupa, ngoja jikoni pawe giza, halafu bonyeza kitufe na utazame. Unapaswa kuona cheche ndogo ya rangi ya buluu ikiruka kutoka kwenye ncha ya chuma hadi kwenye kichwa cha moto.

Kama hakuna cheche kabisa, uliza kwanza resho yako inaipata wapi. Nyingine zinatumia betri ya tochi, na betri ikiisha ndiyo basi. Nyingine zinachomekwa ukutani, kwa hiyo umeme ukikatika hakuna cheche, wala resho haijaharibika. Nyingine hazihitaji kitu: ndani mna kijiwe kinachogongwa na nyundo ndogo, na kikigongwa kinatoa umeme. (Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, ndio walioonyesha mwaka 1880 kwamba mawe ya namna hiyo yakibanwa yanatoa umeme. Walimu wa fizikia, hapo mna somo zuri lisilohitaji maabara.)

Mara nyingi lakini cheche ipo, ila inaruka mahali pabaya. Ile ncha ya chuma imevikwa kaure nyeupe. Maharagi yakifurika, au mafuta ya mawese yakirukia pale, umeme unapita juu ya uchafu na kutorokea pembeni. Kaure ikipasuka ni vilevile. Futa kwa kitambaa kikavu, acha ikauke vizuri, jaribu tena. Kati ya ncha na kichwa cha moto nafasi inakuwa milimita 3 hadi 5 hivi. Usiikunje kwa koleo, kaure itavunjika na utanunua mpya.

Kuna jaribio rahisi la kumaliza ubishi huu: kiberiti. Washa kijiti kwanza, kisogeze, ndipo ufungue gazi. Wengi wanafanya kinyume, wanafungua gazi halafu wanaanza kutafuta kiberiti. Moto ukishika vizuri kwa kiberiti, gazi yako ni nzima na kilichokufa ni cheche tu. Unaweza kupika hivyo hadi upate pesa ya fundi.

Kiberiti kikishindwa, angalia: ni kichwa kimoja kinachokataa, au vyote? Kikiwa kimoja, shida iko kwenye kichwa hicho, na mara nyingi ni mtoto aliyeosha resho akarudisha kifuniko kikiwa kimekaa upande. Kisukume kikae sawa. Au vitundu vimezibwa na sombe iliyokauka. Zibua kwa sindano nyembamba, si kwa kijiti cha meno, kwa sababu kinavunjikia ndani. Lakini kile kitundu kidogo kabisa cha katikati, kinapotokea gazi, usikipanue hata kidogo. Ukikipanua umebadilisha resho.

Vikikataa vyote, nenda kwenye chupa. Mwaga kikombe cha maji ya moto kiasi ubavuni mwa chupa, kisha pitisha mkono: pale chuma kinapobaki baridi ndipo gazi ya maji ilipo. Ukikuta joto hadi chini, chupa imeisha. Usiilaze ili kukamua ya mwisho. Chupa inasimama wima siku zote. Kama umeibadilisha leo, tiyo ina hewa ndani, moto unaweza kuchelewa sekunde chache. Na kuna detanderi zinazojifunga zenyewe ukifungua kwa haraka sana. Funga, ngoja kidogo, fungua polepole.

Kuna ugonjwa mwingine unaosumbua zaidi: moto unashika, lakini ukiachia kitufe unazimika. Hapo usilaumu chupa. Karibu na moto kuna kijiti kidogo cha chuma, mafundi wanakiita temokupli. Kikipata joto kinatoa umeme mdogo sana, na umeme huo ndio unaoshikilia mlango wa gazi wazi. Upepo ukizima moto, kijiti kinapoa, mlango unajifunga. Ni mlinzi wa nyumba. Kikiwa na masizi, au kimesogea mbali na moto, hakipati joto, kinafunga. Kipanguse kikiwa baridi, hakikisha moto unakigusa, na ukiwasha shikilia kitufe sekunde 10. Ikishindikana, kinunuliwe kingine. Fundi akikuambia « tuitoe tu, resho itawaka vizuri », mshukuru na umsindikize hadi barabarani. Na wale wanaofunga kitufe kwa mpira ili kisirudi, tafadhali, leo mfungue.

Neno moja kwa wanaonunua resho na kuizinye za okazyo kutoka Ulaya. Huko nyumba nyingi zinapata gazi kwa mabomba, ya aina nyingine, na vitundu vya resho zao ni vikubwa zaidi. Ukifunga chupa yetu hapo, moto unapanda juu, wa manjano, unapaka sufuria masizi. Moto mzuri ni wa buluu. Wa manjano unamaanisha gazi haipati hewa ya kutosha, na unaweza kutoa sumu isiyo na harufu. Kabla ya kulipa, uliza kama vitundu vilibadilishwa kwa gazi ya chupa, na uone moto kwa macho yako.

Kila ukibadilisha chupa, paka povu la sabuni pale detanderi inapokaa na kwenye miisho yote miwili ya tiyo. Mapovu yakikua, gazi inavuja: funga chupa, kaza au badilisha raba, paka tena. Povu la sabuni ya kufulia linatosha.

Juma lijalo tunarudi kwenye daftari: mtoto wa mwaka wa 3 anayechanganya b na d.