Harufu ya gazi si harufu ya upya

Vijana wenzetu wa Kabambare, Salamabila, Kasongo na Kindu, mama zetu, wakubwa wetu,

Leo hatuandiki juu ya barabara wala juu ya usalama wa vijiji. Tunaandika juu ya jikoni. Anayeona ni maneno madogo asome mpaka mwisho.

Kwetu wengi wanapika kwa kuni na makala, na itaendelea hivyo kwa muda. Lakini chupa za gazi zinaanza kufika, moja moja, na kila resho mpya inafika na neno hili: "Musiogope, ni harufu ya upya, itaisha yenyewe."

Neno hilo lilisemwa kwa nyumba ya mwenzetu mmoja. Resho ilifungwa, harufu ikabaki siku tatu. Mtu aliyeifunga akapigiwa simu, akajibu vile vile: upya. Na kwa jikoni hiyo hiyo mbabula ilikuwa inawaka kila jioni, ju gazi ni ya chai na maharagwe inabaki kwa makala. Siku ya nne tukapaka maji ya sabuni. Kampira kadogo ka ndani ya detandere, kile kichwa kinachokaa juu ya chupa, kalikuwa kamepasuka. Hakuna aliyeungua. Lakini bahati haiwezi kuwa njo sheria yetu ya usalama.

Tuseme wazi: gazi ya chupa, yenyewe, haina harufu. Ile harufu mbaya ya kitu kilichooza inaongezwa kusudi, ili pua ya mtu ijue kuna mahali inatoka. Kuna watu walilipa ju ya jambo hilo. Tarehe 18 Machi 1937, kule New London, Texas, Marekani, gazi isiyo na harufu ilijikusanya chini ya jengo la shule bila mtu kujua, ikalipuka. Karibu watu 300 walikufa, wengi wao watoto. Nyuma ya pale Texas ikatoa sheria: gazi iwekewe harufu. Kwa hiyo anayekuambia "zoea tu" anakuambia uzime kengele iliyowekwa kwa damu ya watoto. Na pua kweli inazoea: ukikaa ndani muda mrefu husikii tena, lakini gazi iko pale pale.

Ni kweli resho mpya inaweza kutoa harufu ya mafuta ya kiwandani inapowashwa mara ya kwanza. Hiyo inasikika moto ukiwaka, na inaisha upesi. Lakini kama kila kitu kimefungwa na bado unasikia harufu ya gazi, uhesabu kwamba inavuja mpaka sabuni ikuonyeshe kinyume.

Namna ya kupima ni rahisi. Zima kila moto, hata mbabula ya jirani kama iko karibu. Funga vifungo vyote vya resho, kisha fungua robine ya chupa. Changanya maji na sabuni mpaka povu lijae, paka kwa robine, kwa detandere, kwa tiyo yote na kwa ncha zake mbili. Mahali mapovu yanavimba na kuongezeka, njo pale inatoka. Funga chupa, kaza ao badilisha kitu kibaya, pima tena. Usipime hata siku moja kwa kiberiti.

Tena, detandere hazifanani. Chupa za nchi moja hazikubali kila kichwa cha nchi nyingine, na kulazimisha ni kutafuta uvujaji. Vingine vinakazwa kwa kugeuza kinyume cha vile tumezoea. Na tiyo ya maji ya bustani si tiyo ya gazi, hata kama inaingia vizuri.

Ukisikia harufu kali, usiwashe taa, usizime taa, usiwashe grupu. Funga chupa kama unaweza kuifikia bila hatari, fungua milango, toa watoto nje, piga simu ukiwa mbali. Gazi hii ni nzito kuliko hewa: inashuka, inalala chini, inaingia kwa mashimo. Ndiyo maana dirisha la juu peke yake halitoshi, na ndiyo maana mbabula, inayokaa chini karibu na sakafu, ni jirani mbaya sana.

Wengine watatuambia: "Watu wana njaa, ninyi munaongea gazi ya matajiri." Tunajibu hivi. Moto haulizi nani alinunua chupa. Nyumba zetu zinabanana, majani ya paa moja yanagusa ya nyingine. Na kama nyumba moja itaungua, watu watakimbia gazi kwa miaka kumi, mama zetu watabaki kwa moshi na misitu itaendelea kugeuka makala. Sisi hatuko kinyume na gazi. Tunaitaka, lakini tunaitaka na akili.

Tena tusingoje makubwa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaani Embakasi, Nairobi, gazi ililipuka katikati ya makao ya watu. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Wakubwa wa nishati wa Kenya walisema kwamba maombi ya kujenga kituo cha gazi mahali pale walikuwa wameyakataa. Yaani karatasi ilisema hapana, na kazi ikaendelea. Nairobi iko na wazima-moto na hospitali kubwa. Sisi tuko na ndoo.

Kwetu pia sheria si kitu kinachokosa. Sheria nambari 15/012 ya tarehe 1 Agosti 2015 juu ya hidrokarbiri inagusa pia kuingiza, kuweka na kuuza mafuta na gazi. Kinachohitajika ni mtu wa kuishusha mpaka sokoni. Kwa hiyo tunaomba:

1. Kila anayeuza ao kufunga resho apime kwa sabuni mbele ya mnunuzi, siku ile ile, kabla ya kupokea feza ya mwisho.

2. Administrateri wa teritwari na mashefu wajue nani anauza gazi na chupa zinalala wapi. Zisilale ndani ya chumba cha watoto wala katikati ya soko.

3. OCC, ambayo kazi yake ni kukagua vitu vinavyoingia inchini, ikague tiyo na detandere, si chupa peke yake.

4. INPP na shule za ufundi zifundishe wafungaji wa gazi, hata kwa majuma machache. Sisi wenye diplome tunaokaa bila kazi tuko tayari kuwa wa kwanza darasani.

5. Radio zetu zitoe dakika tano kila juma, kwa Kiswahili, juu ya kipimo cha sabuni.

Hakuna ombi hapa linalohitaji milioni za dola. La kwanza linahitaji kipande cha sabuni.

Na wewe unayesoma, kama kwenu kuna chupa, usingoje administrateri. Leo, kabla ya kulala, pima. Kama mfungaji anakuambia ni upya, mwambie arudi na apake povu mbele ya macho yako.

Sisi vijana raia wa Kabambare