Ngoma za Isukuti na Karatasi ya Mistari Mitano

Mtaa wa Amalemba umo katika mji wa Kakamega, na jirani zake ni Waisukha na Waidakho, wenyewe wa ngoma ya isukuti. Mtu akaaye huko hahitaji kuuliza ngoma hiyo ni nini. Mtoto akizaliwa hupigwa, harusini hupigwa, na mzee akifa hupigwa pia. Ngoma zenyewe ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, nazo hufuatana na pembe la swala na njuga za chuma. Kila moja ina mwendo wake, na utamu wote hutokea pale miendo hiyo inapoingiliana.

Basi kijana wa sekondari atokaye katika mazingira hayo huingia darasa la muziki akiwa na elimu ambayo mwenyewe hajui kuwa ni elimu. Mwalimu huchora mistari mitano ubaoni, na kijana huona kama kwamba muziki ni jambo geni lililotoka ng'ambo. Pengine do, re, mi amezisikia kanisani, kwa maana njia hiyo, iliyoenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, ililetwa na wamisionari. Lakini mtihani hutaka zaidi: asikie sauti aiandike, apige ala mbele ya mtahini, tena aeleze muziki wa Ulaya na wa Afrika. Piano ni ghali mno. Tena, ingawa mpango wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliweka muziki katika mitihani ya shule za msingi, baadaye somo hilo liliondolewa katika mitihani hiyo, na wanafunzi wengi wakawa wanafika sekondari wakianzia alifu.

Wako wasemao kwamba muziki wa kienyeji hauandikiki. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwaka 1963 Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi waliutengeneza Wimbo wa Taifa la Kenya kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto, nao hupigwa na bendi za tarumbeta hadi leo. Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, alitoa mwaka 1986 kitabu kizima juu ya muziki wa asili wa Kenya. Kalamu, basi, si adui wa ngoma.

Ila si kila kitu hushikwa na kalamu. Katika mashindano ya muziki ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1927, ngoma ambayo matangani huweza kukesha hubanwa katika dakika chache mbele ya waamuzi wenye karatasi. Wazee wakinung'unika wana haki. Hata hivyo dakika chache ni bora kuliko kimya. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa sababu wengi wa wajuzi wake ni wazee wasio na warithi, na fedha na vifaa vya kutengenezea ala ni haba.

Mtaala mpya umeweka njia ya sanaa na michezo katika sekondari ya juu, ambako wanafunzi wa kwanza waliingia Januari 2026. Nafasi ipo, lakini darasa bila mjuzi ni chumba tu. Yafaa shule imwite mzee mpiga ngoma, naye apewe nauli na ujira wake, maana hata fundi wa baiskeli hafanyi kazi bure. Wanafunzi watatu wakae kila mmoja na ngoma yake, wengine wapige makofi, kisha wabadilishane mpaka kila mmoja aijue miendo yote mitatu kwa mikono. Ndipo mwalimu agawe karatasi za mistari mitano, na kila mwanafunzi aandike alichokipiga. Atakayeshindwa kuandika arudi kwanza kwenye ngoma.