Usiuze hiyo 26 kwa bei ya chuma chakavu

UKIMTEMBELEA fundi yeyote wa baiskeli mtaani, hukosi kuiona. Mauntenbaiki ya zamani imeegemezwa ukutani, gurudumu la nyuma halipo, kiti kimeshika vumbi. Mwenyewe alienda kutafuta spea akarudi mikono mitupu. Sasa anadandia matatu kila asubuhi, na mvua ikinyesha nauli inapanda na yeye hana la kufanya. Mwishowe jamaa wa vyuma atapita na mizani yake, fremu safi iende kwa kilo.

Hili linatuudhi kwa sababu mara nyingi spea ipo. Kinachokosekana ni habari.

Chukua tairi. Nyingi ya baiskeli za magia zinazoingia kama mtumba, zile tunaita Ex-UK, ni za inchi 26. Tangu miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kawaida cha mauntenbaiki. Kisha viwanda vikahamia 27.5 na 29, na leo ukiingia duka la baiskeli mpya unaambiwa, "Hizo zilikwisha, boss, nunua ingine." Si kweli. Tairi za 26 bado zinatengenezwa. Shida ni kwamba 26 si moja. Iliyoandikwa 26 x 1 3/8 ni ya baiskeli tofauti kabisa: rimu yake ni milimita 590, yako ni 559. Ukiivalisha inapwaya kama kiatu cha babako. Soma namba iliyochapishwa ubavuni mwa tairi yako kuukuu. Ukiona 559 mwishoni, hiyo ndiyo unayotafuta.

(Black Mamba ya babu huko ushago haina stress hizi. Muundo wake haukubadilika miaka nenda miaka rudi, na spea zake zinauzwa hadi sokoni.)

Cheni nayo isikusumbue. Ukikosa ya gia 7, ya gia 8 itafanya kazi vizuri tu. Lakini kama meno yamelika, cheni mpya itaruka kila ukikanyaga mlima, kwa hivyo badilisha vyote pamoja. Na hayo meno ya nyuma yako ya aina mbili: yanayokazwa kwa kuzungushwa kwenye habu, na yanayochomekwa. Ukinunua aina isiyo yako, umechoma pesa.

Ngoma ngumu ni kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia mtambo wa gia kwenye fremu. Kikivunjika, baiskeli nzima imelala, na kila kampuni ina umbo lake. Hapa usipoteze wiki ukizunguka madukani. Mpelekee mtu wa juakali mwenye mashine pamoja na kile kilichovunjika, akuchongee kingine.

Lawama zetu tunazielekeza kwa wanaoleta mtumba. Kontena hushushwa, baiskeli nzuri zikauzwa, na mbovu zikaishia kwa wauza vyuma. Hizo mbovu ndizo duka la spea! Zifunguliwe: habu, pedeli, breki na vishikio vyake viuzwe kimoja kimoja, kwa bei ambayo kijana anayepelekea watu chakula anaweza kuimudu. Kumuuzia baiskeli leo huku ukijua kesho hatapata hata rimu ni kumkopesha shida. Mafundi nao waache kurusha kila kitu kwenye gunia la chakavu.

Na wewe, kabla hujatoka nyumbani, piga picha ubavu wa tairi, hesabu meno, kisha fungua kilichoharibika ukibebe mkononi. Kumwambia muuzaji "nataka kile kitu cha nyuma, si unakijua" ndiko kumetufikisha hapa.