Shimo la changarawe nalo linakunywa maji

Ndugu zangu wa bonde la Mavuji na Matandu, tangu mafuriko ya Mei 2024 yakate barabara pale Somanga, kila mtu anajua barabara inavyokula changarawe. Uzeni, sikatazi. Ila shimo likifika kwenye maji, jueni yale ni maji ya mto wenu, yalikuwa njiani chini ya ardhi. Jua la kiangazi likinyonya milimita 5 kwa siku, dimbwi la ekari 1 linapoteza lita 20,000, yaani ndoo 1,000. Kila siku! Mchicha wa bondeni ukikauka, tunailaumu mvua.

Kule Colorado, Marekani, mwenye shimo la namna hiyo anadaiwa: lazima arudishe mtoni maji yaliyopotea. Sisi ya kulipa tutayatoa wapi? Ndiyo maana nasema masharti yaandikwe kwenye mkutano wa kijiji kabla tipa la kwanza halijaingia. Mchimbaji aishie juu ya maji, akae mita 60 kutoka mtoni kama Sheria ya Mazingira ya 2004 inavyotaka, na udongo wa juu autenge wa kufukia. Nakala ya muhtasari ipelekeni Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini.